Waya Mbele ya Kibo

Picha namba mia mbili na kumi na nne.
Jumanne, Kibosho, nyuma ya banda la Mama Aikande,
viatu vimelowa umande, pumzi nimeibana
kama mtu anayepita penye mbwa wa jirani.
Kibo umetoka. Si nusu, si kwa kuchungulia;
umetoka wote, mweupe, kama shati la kipaimara,
nikabonyeza mara tatu
kabla mawingu hayajakumbuka kazi yao.

Shindano linafungwa Ijumaa saa sita usiku.
Ada elfu tano, nimeshalipa kwa simu.
Mada: Mlima Wetu. Faili lisizidi megabaiti nne.
Washiriki wawe watu wasioishi kwa kamera,
na hapo nafuzu bila kupingwa:
mimi nauza mbolea na dawa za mimea pale Mbuyuni,
kamera nilimnunulia mtu aliyekuwa anahama,
mlango wa betri unashikiliwa na plasta ya kidonda.

Usiku, meza ya kulia, kompyuta mpakato.
Nakata ukingo wa kushoto: ndoo ya samadi inatoka.
Migomba naiongezea mwanga kidogo.
Samawati ya anga naipunguza, nairudisha,
naipunguza tena, kama mpishi asiyeiamini chumvi yake.
Kisha nauona.

Waya.
Mweusi, mmoja, umelegea katikati,
umekatiza theluji kutoka nguzo hadi nguzo
kama kamba ya kuanikia, siku isiyo na nguo.

Nachukua brashi ya kunakili.
Naazima anga la hapa, nalibandika pale,
pikseli kwa pikseli,
fundi anayetia kiraka suruali ya bwana harusi.
Saa saba na nusu waya haupo.
Nikalala mshindi.

Asubuhi nikambebea Mama Aikande kompyuta nzima, ingali inawaka,
maana ni kwake nilikosimama, na heshima ina njia zake.
Akafuta mikono kwa khanga, akavaa miwani,
akaitazama picha, akatoka nje, akatazama juu, akarudi.
"Waya wetu uko wapi?
Wameukata tena?"

Nikacheka. Yeye hakucheka.
Akaanza kuhesabu kwa vidole:
nguzo sita,
miaka minne ya kushuka mjini na kupanda na ahadi,
ndama aitwaye Sikitu, aliyeuzwa ili nguzo ya mwisho ifike,
na usiku ule balbu ilipowaka
mumewe, kitandani, akaomba isizimwe mpaka kuche.
"Ukiuondoa huo," akasema, "nirudishie ndama."

Nikaketi pale pale jikoni kwake, nikabonyeza tendua.
Tendua, tendua, mara mia na arobaini na kitu,
kila mbonyezo ukirudisha kidole kimoja cha waya,
mpaka ukaifikia nguzo ya pili, ukashika.

Sikushinda.
Wa kwanza alikuwa kijana wa Shanty Town,
mlima wake safi kama sahani za wageni,
kaupiga kutoka barabara ninayoijua,
barabara yenye nyaya saba.
Kwenye fomu yangu jaji kaandika kwa wino mwekundu:
Nzuri. Ila waya unasumbua.

Nikaichapisha hata hivyo, studio jirani na mnara wa saa,
inchi nane kwa kumi, karatasi isiyong'aa,
fremu ya mninga iliyopinda kidogo.
Mama Aikande kaitundika chini ya ile balbu.
Wageni wakija hawaonyeshi mlima;
mlima wamepishana nao njiani.
Anaweka kidole kwenye kioo, anaufuata waya,
polepole, mpaka unapoingia ndani ya fremu,
kisha ananyoosha mkono ukutani, anawasha.

Nami, nikikaa pale kunywa chai,
jicho linanikimbilia ukingo wa kushoto.
Ile ndoo ya samadi.
Ile nayo ningeiacha.